Trimu ya usukani unaweza kuibadilisha mwenyewe, ila nati ya katikati iache ilipo

Swali: "Fundi, shikamoo. Gari langu lina umri wa miaka 13. Zile plastiki za rangi ya fedha kwenye usukani, zinazozunguka vitufe vya redio, zimebabuka, na ukingo wake unanikwaruza kidole gumba kila ninapokata kona. Nimeshanunua seti mpya. Jirani mmoja ananiambia ni lazima usukani wote ung'olewe. Mwingine anasema ni kuchokoa kwa bisibisi tu, dakika tano umemaliza. Mimi ninachokiogopa ni eabegi. Je, kazi hii naweza kuifanya nyumbani, au nipeleke gari kwa fundi?"

Marahaba, ndugu yangu. Unaweza kuifanya nyumbani, na majirani zako wote wawili wamekosea. Kwenye magari mengi usukani haung'olewi ili kubadilisha trimu, yaani hizo plastiki za pembeni. Kuchokoa kwa bisibisi nako ndiko kunakoleta zile seti zilizokatika ulimi mmoja, ambazo baada ya mwezi zinacheza na kupiga kelele kila gari linapopita kwenye kokoto. Kilichosimama kati yako na trimu ni eabegi, kwa sababu klipu na skrubu zinazoishika trimu karibu zote ziko nyuma yake. Hofu yako basi ina msingi, na nakuomba usiiondoe mpaka kazi iishe. Anayepaswa kuachwa mbali na eabegi ni yule asiyeiogopa.

Nianze na eabegi yenyewe, maana ukielewa inavyofanya kazi, masharti mengine yote utayaona yana sababu. Lile kava la katikati ya usukani, unalolibonyeza kupiga honi, ndilo mlango wa eabegi. Ndani yake kuna mfuko wa kitambaa uliokunjwa, na chini ya mfuko kuna kopo la chuma lenye kemikali inayogeuka gesi mara moja inapowashwa. Kiwashio chake ni cha umeme, na hakihitaji umeme mwingi. Kikishawaka, mfuko unajaa kwa takriban milisekunde 30 hadi 40. Kupepesa jicho mara moja kunachukua muda mrefu kuliko huo mara kadhaa, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kusema "nitarudi nyuma nikiona inafyatuka".

Watu wengi wanajua kwamba betri inatolewa waya kwanza. Wasilolijua ni kwamba kutoa waya peke yake hakutoshi. Kompyuta ya eabegi ina kapasita ndani yake, kifaa kinachotunza umeme kidogo wa akiba. Kimewekwa makusudi, kwa sababu kwenye ajali betri inaweza kukatika waya kabla mfuko haujafyatuka, na mfumo unatakiwa uwe bado na nguvu ya kukulinda. Akiba hiyohiyo ndiyo inayoweza kukudhuru wewe uliyekaa na bisibisi mkononi sekunde chache baada ya kuchomoa betri. Toyota huelekeza kungoja angalau sekunde 90, Honda dakika 3. Mimi nangoja dakika 15 kwa gari lolote. Ndio muda wangu wa kupanga vifaa kwenye kitambaa na kusafisha mikono, na sijawahi kuona hasara yake.

Kabla hata ya kufungua boneti, fanya jambo moja. Chukua namba ya chesisi uangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari lako kama eabegi yake imewahi kuitwa irudishwe. Gari la miaka 13 limo katika kipindi cha eabegi za kampuni ya Takata, ambazo gesi yake ilitokana na ammoniamu naitreti. Joto na unyevu wa miaka mingi viliiharibu kemikali hiyo, na baadhi ya makopo yakapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Makumi ya mamilioni ya magari duniani yaliitwa kwa sababu hiyo. Ukikuta namba yako imo, usiiguse kabisa. Kubadilishiwa ni bure, na hapo hapo unaweza kuwaomba wakuwekee trimu yako mpya, kwa kuwa watakuwa wameshaifungua.

Kama gari ni salama, washa na utazame taa ya eabegi kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake sekunde kadhaa kisha izime. Ikibaki inawaka tangu mwanzo, au haiwaki kabisa, kuna tatizo lililokuwapo kabla yako, na hapo jibu langu linabadilika: peleka kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Vivyo hivyo kama gari limewahi kupata ajali ya mbele na hujui nani alilitengeneza. Kuna eabegi za bandia zinazouzwa, na kuna watu hufunga kava tupu lisilo na mfuko ndani.

Sasa kazi. Magurudumu yanyooke, usukani uwe katikati. Vuta usukani kuja kwako na uushushe chini kadiri unavyoruhusu, upate nafasi ya kufika nyuma yake. Kama kwenye gari lako unasogezwa kwa umeme, usogeze sasa hivi, maana betri ikishatoka hautasogea. Kama betri iko kwenye buti na buti lenyewe linafunguliwa kwa umeme, liache wazi. Nimeona watu wazima wamesimama wanazunguka gari lao bila njia ya kuifikia betri waliyoichomoa wenyewe. Kwenye gari la haibridi, linalotumia mafuta na umeme, betri ya kuchomoa ni ile ndogo ya volti 12, ambayo mara nyingi iko nyuma. Nyaya nene za rangi ya chungwa hazikuhusu, usizisogelee.

Zima gari, toa ufunguo, fungua terminali ya hasi ya betri, isogeze pembeni na uifunge kitambaa isije ikajirudia yenyewe. Kama usukani unajifunga unapotoa ufunguo, urudishe ufunguo kwenye hatua ya kwanza baada ya betri kutoka, ili uweze kuugeuza kidogo unapotafuta matundu ya nyuma. Kisha ngoja dakika zako.

Namna ya kuifungua eabegi inategemea gari, na hapa ndipo mwongozo wa gari lako hasa unapohitajika. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuna vifuniko vidogo vya plastiki pembeni mwa usukani, kulia na kushoto. Ukivitoa, ndani utakuta skrubu mbili za Torx namba 30, zenye tundu la nyota ya ncha sita. Zilegeze mpaka uhisi zimelegea na kuning'inia, basi. Skrubu hizo zimetengenezwa zisitoke nje, zinanaswa kwenye kijumba chake, na anayezivuta kwa koleo anakivunja kijumba. Volkswagen, BMW na magari mengine mengi ya Ulaya hayana skrubu hapo. Yana waya wa springi unaosukumwa kwa bisibisi bapa kupitia tundu lililoko nyuma ya mkono wa usukani. Unasukuma upande mmoja, kava linaruka kidogo mbele kama linapumua, unageuza usukani, unasukuma upande wa pili. Usitafute tundu kwa kubahatisha. Tumia taa, ulione kwanza.

Wakati huu wote usikae uso kwa uso na usukani. Kaa upande, au simama nje ya mlango na ufanye kazi kwa mikono iliyonyooshwa. Shika chuma tupu cha gari kabla hujagusa nyaya, ili umeme tuli wa mwilini uishie huko.

Eabegi ikishaachia, usiivute. Iinamishe kuja kwako kama unavyofungua ukurasa, utaona nyaya nyuma yake. Plagi ya eabegi kwa kawaida ni ya njano, au waya wake umevikwa njano. Kwenye magari mengi plagi hiyo ina kufuli dogo katikati, kipande chembamba kinachonyanyuliwa kwa ncha ya bisibisi ndogo kama milimita tatu hivi, na ndipo plagi inatoka. Usipolinyanyua, unaweza kuvuta mpaka waya ukatike na plagi isitoke. Baadhi ya eabegi zina plagi mbili. Piga picha kwanza. Kuna pia waya mmoja mwembamba wa honi, huo nao uchomoe.

Ibebe eabegi uso wake ukiwa mbali na mwili wako, na uiweke chini, mahali pasipopita watoto, uso ukitazama juu. Watu hutaka kuilaza kifudifudi wasichubue kava, na hilo ndilo kosa. Ikifyatuka ikiwa imelala kifudifudi, inajirusha yenyewe hewani pamoja na lile kopo la chuma. Ikitazama juu, mfuko unafunguka hewani na chuma kinabaki chini. Usiweke kitu juu yake, usiiache juani, na kwa vyovyote usiipime kwa mita ya umeme. Mkondo mdogo wa mita unaweza kutosha kukiwasha kiwashio.

Umeufikia moyo wa kazi, na kuanzia hapa ni mikono na subira. Tazama ndani ya uwazi ulioachwa na eabegi. Utaona nati kubwa katikati, na pembeni utaona migongo ya trimu zako. Zipo zinazoshikwa na skrubu ndogo za nyota zinazoonekana wazi, zipo zinazoshikwa na ndimi za plastiki tu, na nyingi zina vyote viwili. Toa skrubu zote kwanza. Halafu pasha plastiki joto kwa mashine ya kukaushia nywele, moto wa kati, dakika moja au mbili, ukiisogeza. Plastiki ya miaka 13 imekauka. Ikiwa ya baridi ulimi unakatika, ikiwa ya uvuguvugu unapinda.

Sasa uangalie ulimi mmoja kwa karibu kabla hujasukuma chochote. Ni kipande chembamba kilichochomoka nyuma ya trimu, kimepita kwenye tundu la fremu, na mara nyingi kimevishwa klipu ya chuma yenye mabawa mawili. Mabawa hayo ndiyo yanayokataa kurudi. Ukiyabana kwa ncha ya koleo yenye mdomo mrefu huku kidole cha mkono mwingine kikisukuma ulimi kutoka ndani kwenda nje, trimu inatoka kwa mlio mdogo wa "tak", bila kupigana. Fuata mstari ambao ulimi umeingia nao. Ukipindisha pembeni, hata kidogo, unakatika kwenye shina. Kama ni lazima uanzie nje, bandika tepu ya karatasi kwenye ngozi ya usukani na utumie kifaa cha plastiki cha kuchokolea, siyo bisibisi. Alama ya bisibisi kwenye ngozi haiondoki.

Vitufe vya redio kwa kawaida vimefungwa kwenye trimu hiyohiyo, vina utepe wa nyaya wenye plagi ndogo. Chomoa kwa kubonyeza kufuli lake, usivute utepe. Ukivihamishia kwenye trimu mpya, usiguse zile raba nyeusi za ndani kwa vidole vyenye mafuta. Ndizo zinazopitisha umeme, na kitufe kinachogoma baada ya kazi kama hii mara nyingi kimechafuliwa hapo.

Weka trimu ya zamani na mpya mezani, mgongo kwa mgongo, uhesabu ndimi. Zikipishana hata moja, seti hiyo si ya gari lako. Gari la aina moja huwa na usukani tofauti kulingana na lilivyoagizwa: lenye vitufe vya simu na lisilo navyo, lenye kidhibiti mwendo (cruise control) na lisilo nacho. Angalia pia kama klipu za chuma zimekuja na trimu mpya. Mara nyingi hazimo. Zile za zamani unaweza kukuta zimebaki kwenye matundu ya usukani. Zitoe kwa koleo uzivike kwenye ndimi mpya, maana ukisukuma ulimi mtupu ndani ya tundu utashika kwa siku mbili tatu tu.

Iwapo ulichonunua ni vile vipande vyembamba vya kubandika juu ya trimu ya zamani, ujue kwamba hivyo havihitaji kufungua eabegi hata kidogo. Piga msasa rangi iliyobabuka mpaka iwe laini, futa kwa spiriti, bandika, kandamiza. Gundi nzuri ya tepu yenye pande mbili hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 72 hivi, kwa hiyo usiisumbue. Kwenye mikono ya usukani sina ugomvi navyo. Kwenye kava la katikati navikataa kabisa, iwe ni nembo ya kung'aa, kipande cha mbao bandia, au rangi ya kupuliza. Kava hilo limechorwa mistari dhaifu kwa ndani ili lipasuke mahali palepale palipokusudiwa, na chochote kilichobandikwa hapo kinarushwa kuelekea uso wa dereva. Mwaka 2022 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa onyo juu ya nembo hizo za urembo baada ya dereva mmoja kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Likichakaa, kava hilo linasafishwa tu.

Na sasa ile nati. Ukishaona usukani umefunguka hivyo, mkono unawasha kutaka kuendelea, hasa jirani akiwa amesimama mlangoni. Nyuma ya usukani kuna klokispringi, utepe mrefu wa nyaya uliosokotwa ndani ya kijumba cha duara, unaowezesha umeme kufika kwenye eabegi na vitufe huku usukani ukizunguka. Una mizunguko yake michache kulia na michache kushoto, na katikati yake lazima ilingane na magurudumu yaliyonyooka. Usukani ukitoka na utepe huo ukazunguka bila wewe kujua, utafunga kila kitu sawasawa, na siku ya kwanza utakayokata kona kali utepe unakatika: honi inakufa, vitufe vinakufa, na eabegi inakuwa haina njia ya umeme. Kuna pia suala la meno ya shafti kupishana na usukani kukaa mshazari, na la nati kukazwa kwa nguvu isiyo sahihi. Kwa ajili ya trimu huhitaji hatari hizo. Yapo magari machache ambayo kifuniko cha nyuma ya usukani hakitoki bila kuutoa wenyewe. Kama lako ni mojawapo na kifuniko hicho ndicho unachotaka kubadilisha, hapo mpe fundi.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, isipokuwa mambo mawili. Kwanza, usiwashe gari, wala kufungua ufunguo kujaribu redio, kabla eabegi haijarudi mahali pake. Nilipokuwa kijana kwenye karakana nilifanya hivyo, nikitaka kuhakikisha vitufe vinafanya kazi kabla sijafunga. Kompyuta ikaona eabegi haipo, ikaandika hitilafu kwenye kumbukumbu, na taa haikuzima hata baada ya kila kitu kurudi. Mwenye gari alikuja jioni, nikamweleza kwamba linabaki mpaka kesho ipatikane mashine ya kufuta hitilafu. Ilikuwa safari yake ya msibani. Sijaisahau.

Pili, plagi ya njano. Isukume mpaka usikie mlio, kisha bonyeza kufuli lake mpaka liwe sawa na uso wa plagi. Likibaki limechomoza, plagi haijaingia. Panga nyaya zisibanwe na kava, halafu kandamiza eabegi kwa viganja viwili mpaka pande zote ziitike, au kaza skrubu zake kwa kipimo cha mwongozo. Kwenye Toyota nyingi ni kama niutoni-mita 9, nguvu ya mkono wa kawaida, siyo ya kuning'inia. Sasa tazama mwanya unaozunguka kava. Uwe sawa pande zote. Kwenye magari mengi kava lote hukaa juu ya springi za honi, na upande mmoja usipoingia vizuri honi italia yenyewe au italazimu uibonyeze kwa ngumi.

Rudisha terminali ya betri bila mtu yeyote kuwa ndani ya gari. Halafu simama nje, pitisha mkono, ufungue ufunguo ukiwa pembeni ya usukani. Taa ya eabegi iwake, ihesabu sekunde, izime. Isipozima, zima gari, chomoa betri, ngoja tena dakika zako zote, na uanze kwa kuikagua ile plagi ya njano. Ikizima, jaribu honi, kila kitufe, kisha washa injini na uzungushe usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, polepole. Usishtuke ukiona taa ya udhibiti wa utelezi imewaka baada ya betri kutoka. Kwenye magari mengi kuzungusha huko, au mwendo mfupi wa kunyooka, ndiko kunakoizima. Vioo vya umeme navyo huenda vikasahau kujifunga kwa mguso mmoja, vipandishe mpaka juu na uendelee kushikilia kitufe kidogo.

Kwa kuanza mchana, bila haraka, tenga saa mbili. Mwenye mazoea anatumia nusu saa pamoja na kungoja. Usianze jioni.

Na trimu za zamani usizitupe bado. Endesha wiki nzima, upite na barabara mbovu, usikilize. Trimu ikitoa mlio wa kusagana, kipande kidogo cha kitambaa chenye gundi kati yake na fremu kinatosha. Ikilegea, huenda klipu moja imechoka, na ya kuibadilisha unayo bado kwenye zile za zamani.